Kihispania cha Muziki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa wapiga muziki, waimbaji wa kwaya, wachezaji wa salsa na wapenzi wa santuri wanaokuja kwenye darasa letu la Jumamosi hapa Sinza. Nimeyakusanya kwa sababu kila kundi jipya linauliza yale yale, na kwa sababu wengi wanaoishi Mbagala au Gongo la Mboto hawawezi kuvuka jiji zima kila wiki.

Sijui hata neno moja la Kihispania. Nianzie wapi?

Anzia kwenye bendi. Muulize mpiga dansi yeyote wa hapa mjini zile ngoma ndefu zinazopigwa kwa viganja zinaitwaje. Atakwambia tumba. Hilo ni neno la Kuba. Wakuba huziita ngoma hizo *tumbadoras*, na zikiwa tatu, ile kubwa yenye sauti nzito ndiyo *tumba*, ya kati ni *conga*, na ndogo inayolialia juu ni *quinto*. Kwa hiyo ukisema "mpiga tumba" unazungumza Kihispania tangu zamani bila kuambiwa. Ongeza rumba, bolero na chacha, tayari una maneno manne.

Maneno hayo hayakuletwa na vitabu. Kuanzia miaka ya 1930 santuri za Kikuba za mfululizo uliojulikana kwa herufi GV ziliuzwa Afrika, watu wakazisikiliza kwenye gramafoni mpaka sindano zikaisha makali. Morogoro, Salum Abdallah aliongoza bendi iliyoitwa Cuban Marimba, na jina hilo peke yake linaonyesha masikio ya watu yalikuwa yameelekea wapi. Njia nyingine ilipita Kongo. Rumba ya Kikongo ilikua ikiwa na Kuba ndani yake, kisha miaka ya 1970 wanamuziki wa Kongo wakahamia Dar na magitaa yao.

Mengine yalikuwa ya kwetu kabla hayajawa yao. Watu waliochukuliwa utumwani kutoka Kongo na Angola walivuka bahari na lugha zao za Kibantu, na ndiyo maana neno *marimba* halihitaji kutafsiriwa. Guatemala wameifanya marimba kuwa ala ya taifa. Pwani ya Pasifiki ya Kolombia wana muziki wao wa marimba, ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2010. Hata *mambo*, muziki ambao Pérez Prado aliusambaza duniani, una asili hiyo hiyo. Mwanafunzi akinung'unika kwamba Kihispania ni lugha ya mbali, huwa namwambia atamke "marimba" kwa sauti, halafu tuendelee.

Matamshi yatanishinda?

Hapana, na hapa ndipo Mswahili anapomzidi mwanafunzi wa nchi nyingine nyingi. Irabu za Kihispania ni tano, a e i o u, na zinatamkwa kama zetu. Hazibadiliki. Soma *guitarra*, *canto*, *coro*, *bolero* kama unavyosoma Kiswahili, ukikumbuka tu kwamba u ya *gui* haitamkwi, na mtu wa Havana atakuelewa.

Kuna zaidi ya hapo. Lugha yetu ina sauti ambazo wengine huzihangaikia miezi. J ya Kihispania inakaribia sana kh ya "kheri": *bajo*, besi, litamke "bakho". Ñ ni ny yetu. D ikiwa katikati ya irabu inalainika kuwa dh ya "dhahabu", hivyo *sonido*, yaani sauti au mlio, linasikika "sonidho". G katikati ya irabu inakuwa gh ya "ghali": *amigo*, "amigho". Na mtu wa Hispania akitamka z, au c iliyotangulia e na i, utasikia th ya "thamani" katika *danza*. Mtu wa Amerika ya Kusini atasema "dansa" tu. Bibi zetu wa pwani wanaosema dhahabu na ghali kwa usahihi wangejifunza lugha hii kwa raha sana.

Yanayohitaji jasho ni mawili. Rr ni r ya kutetemesha ulimi kwa muda, si r moja. *Pero* ni "lakini", *perro* ni mbwa. Na kama kwenu nyumbani r na l hubadilishana nafasi, zifanyie mazoezi mapema, maana *coro* ni kiitikio na *colo* si kitu. H haitamkwi kabisa. B na v ni sauti moja.

Mkazo nao? Kuna vijistari juu ya baadhi ya herufi.

Kiswahili kinakazia silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila mara. Kihispania kinafanya hivyo hivyo kwa maneno yanayoishia na irabu, n au s. Yakiishia na konsonanti nyingine, mkazo unaenda mwisho: *tambor*, *cantar*. Neno likivunja utaratibu huo linawekewa alama. *Música* inakaziwa mwanzoni kabisa, *canción* mwishoni, na *bongó*, zile ngoma mbili ndogo zinazobanwa magotini, inakaziwa mwishoni pia, tofauti na Bongo yetu iliyotokana na ubongo.

Usiipuuze alama hiyo. *Canto* ni "naimba". *Cantó* ni "aliimba". *Toco*, napiga, *tocó*, alipiga. Mkazo ukihama, mtendaji na wakati vyote vimebadilika, na msikilizaji hatabahatisha kwa niaba yako.

"Napiga gitaa" nasemaje? Kamusi imenipa maneno matatu.

Sema *toco la guitarra*. Kitenzi ni *tocar*, ambacho maana yake ya kwanza ni kugusa. Sisi tunapiga gitaa, tunapuliza tarumbeta; wao wanagusa vyote. *Toco la trompeta. Toco el piano. Toco la tumba.* Kitenzi kimoja kinamaliza kazi.

Makosa mawili nayasikia kila muhula. La kwanza ni *pegar*, ambalo ni kumpiga mtu au kubandika kitu. Hili linatoka kwenye Kiswahili na linasahihishwa haraka. La pili ni *juego la guitarra*, na hili ni gumu kulitoa kwa sababu mwanafunzi amepitia Kiingereza, ambacho kina neno moja kwa kucheza mpira na kupiga gitaa. *Jugar* ni kucheza mchezo. Mwenye gitaa hachezi mchezo.

Nasisitiza jambo hili darasani mpaka wengine wanachoka: usikipitishe Kihispania kwenye Kiingereza ndipo kifike kwenye Kiswahili. Mwanafunzi wangu mmoja aliingiza kwenye simu neno *letra*, akiwa anatafuta maana ya sentensi iliyosifu maneno ya wimbo. Akapata "barua". Alikaa wiki nzima akidhani mwimbaji yule aliandikiwa barua nzuri. *Letra* ni herufi, na kwenye muziki ni maneno ya wimbo. Kiingereza kina neno moja kwa herufi na barua, na hapo katikati ndipo maana ilipopotelea. Barua ni *carta*.

Ukitaka kusifu, jifunze *tocar de oído*, kupiga kwa kusikia, bila nota. Wapigaji wetu wengi walio bora walijifunza hivyo, na kwa Kihispania ni jambo la kutamka kwa heshima.

Kwa nini *yo gusto* ni kosa? Nataka kusema napenda wimbo huu.

Swali hili nalipenda kuliko mengine yote, kwa sababu jibu lake liko kwenye sarufi ya mama yako.

Acha "napenda". Chukua "kunipendeza". *Me gusta esta canción* ni "wimbo huu unanipendeza", kiungo kwa kiungo. Katika "unanipendeza", mtendaji ni wimbo, kwa u-, na mimi nimekaa katikati kama -ni-. Kwa Kihispania, *me* ndiyo -ni- hiyo, na mtendaji wa *gusta* ni *canción*. Nyimbo zikiwa nyingi kwetu u- inageuka zi-: "nyimbo hizi zinanipendeza". Kwao *gusta* inageuka *gustan*: *me gustan estas canciones*. Kinachobadilisha kitenzi ni nyimbo.

Nimewahi kuona vitabu vinavyotumia kurasa sita kueleza jambo hili, na mwanafunzi akafunga kitabu akiwa bado ameduwaa. Mtoto wa Temeke hahitaji kurasa sita. Anahitaji kukumbushwa "linaniuma".

Kweli, endelea na mfano huo. Koo linaniuma: *me duele la garganta*. Vidole vinaniuma: *me duelen los dedos*. Li- na vi- zinafanya kazi ile ile inayofanywa na *duele* na *duelen*. Mwimbaji aliyerudi kwenye onyesho la usiku wa manane na mpiga besi mwenye malengelenge wote wana la kusema kuanzia leo. Halafu weka *te* kwa "-ku-": *¿Te gusta el son?* Son, muziki wa Kuba, inakupendeza? Weka *le* kwa "-m-", *nos* kwa "-tu-". Na kama kinachokupendeza ni kitendo, kiache kitenzi kama kilivyo: *me gusta cantar*, kuimba kunanipendeza.

Kwa mapenzi mazito zaidi kuna *me encanta*. Linafuata njia ile ile.

El na la zinanichanganya. Nitajuaje?

Wewe unayesema kitabu hiki, mti huu, gitaa hili na nyimbo hizi bila kufikiri, unaogopa makundi mawili? Kihispania kina ngeli mbili tu, ya kiume na ya kike. Jifunze kila nomino ikiwa na *el* au *la* mbele yake, usiiandike peke yake daftarini.

Nyingi zinazoishia na -o ni za *el*, nyingi za -a ni za *la*, lakini *el tema* na *la mano* zinavunja kanuni. Zinazoishia na -ción ni za *la*. Fundi wa ala anachukua -ista bila kubadilika: *el guitarrista* kwa mwanamume, *la guitarrista* kwa mwanamke, hivyo hivyo *bajista* na *pianista*.

Angalia pia hili: *la trompeta* ni tarumbeta, *el trompeta* ni mpuliza tarumbeta mwenyewe. *La batería* ni dramu, *el batería* ni mpigaji. Ukisema *el trompeta está enfermo*, umesema mpulizaji anaumwa.

Sehemu za wimbo zinaitwaje?

*Canción* ni wimbo. Wanamuziki wenyewe husema sana *tema*: *este tema es nuevo*, kibao hiki ni kipya. *Letra* tumeshaiona. Ubeti ni *estrofa*, na mstari mmoja wa ubeti ni *verso*. Kiitikio ni *estribillo*. Kikiimbwa na kundi, hasa kwenye salsa na son, utasikia *coro*. Melodi ni *melodía*, mdundo ni *ritmo*. Kuimba kwa mdomo uliofungwa au kwa "la la la" bila maneno ni *tararear*, kitenzi kinachofanana na sauti yake.

Sehemu moja inahitaji maelezo. Mpenzi wa Sikinde au Msondo anajua kwamba wimbo wa dansi huanza taratibu, mwimbaji akisimulia kisa, halafu unafika kwenye chemko: magitaa yanapishana, tarumbeta zinaingia, watu wanaacha viti. Son ya Kuba ina jambo linalofanana na hilo, na jina lake ni *montuno*. Hapo *coro* inarudia mstari mmoja mfupi, na mwimbaji mkuu, *el sonero*, anatunga papo hapo kati ya mwitikio mmoja na mwingine. Arsenio Rodríguez, mpigaji kipofu wa *tres* (gitaa la Kikuba la jozi tatu za nyuzi), aliipa sehemu hiyo nguvu kubwa miaka ya 1940 alipoongeza tumba, piano na tarumbeta zaidi kwenye kundi lake. Ukimweleza mgeni wa Kuba kwamba chemko ni *como el montuno*, atakuelewa papo hapo, na pengine ataomba kusikia.

Neno jingine ninalolipenda ni *pregón*. Asili yake ni mwito wa mchuuzi wa mtaani anayetangaza bidhaa kwa kuimba, na Kuba nyimbo nyingi zimejengwa juu ya miito hiyo, ya maua, ya matunda, ya *maní*, yaani karanga. Mimi hulifundisha neno hili dirisha likiwa wazi. Haipiti nusu saa muuza kahawa akapita barabarani akigonganisha vikombe vyake, kli-kli, kli-kli, na darasa zima linageuza shingo.

Nimelelewa kwenye kwaya. Si do re mi ni zile zile?

Majina ni yale yale, matumizi ni tofauti, na tofauti hiyo inaweza kuvuruga mazoezi ya siku nzima. Nieleze kwa tukio nililolishuhudia.

Mpuliza tarumbeta kutoka Santiago de Cuba alikuwa akipita Dar, akaomba kufanya mazoezi na bendi ya vijana wa hapa. Mpiga kinanda wao alikuwa amekulia kwenye kwaya ya kanisa, kijana mwenye sikio zuri sana. Mgeni akasema, *En sol. Empezamos en sol menor.* Kijana akauliza kwa ishara, sol ya wapi? Mgeni akarudia: sol. Kijana akabonyeza noti ya tano ya ufunguo waliokuwa wakipigia kabla, kwa maana kwenye kwaya s ndiyo ya tano. Tarumbeta ikaingia, zikagongana vibaya. Walirudia mara tatu, kila mmoja akiamini mwenzake hasikii. Mwishowe mgeni akaenda kwenye kinanda, akaweka kidole juu ya G, akasema polepole: *sol*. Kijana akatikisa kichwa kwa kuelewa, na kutoka hapo walipiga vizuri mpaka giza likaingia.

Wote wawili walikuwa sahihi. Kwenye solfa za kwaya zetu, do inahama: ufunguo ukiwa G, do ni G, ufunguo ukiwa F, do ni F. Kwa Mhispania na Mmarekani Kusini do haihami. Do ni C, siku zote. Re ni D, mi ni E, fa ni F, sol ni G, la ni A. Na ya saba kwao ni *si*, si ti, nayo ni B.

Ongeza maneno manne yafuatayo na utaongea na mpigaji yeyote: *mayor* na *menor* kwa meja na maina, *sostenido* kwa noti iliyopandishwa nusu, *bemol* kwa iliyoshushwa nusu. *Si bemol mayor* ni B iliyoshushwa, meja, ufunguo unaopendwa na wapuliza tarumbeta. Kuuliza ufunguo wa wimbo: *¿En qué tono está?* Sauti za kwaya ni *soprano, contralto, tenor, bajo*, hivyo mwanakwaya hapo hana la kujifunza isipokuwa alto kurefushwa jina.

Clave ni nini hasa? Mwalimu wa salsa analitaja kila wakati.

Ni vitu kadhaa. Vijiti viwili vigumu vya mti vinavyogonganishwa vinaitwa *claves*. Mdundo unaopigwa na vijiti hivyo ni *la clave*. Alama inayowekwa mwanzoni mwa mistari ya nota nayo ni *clave*, *clave de sol* au *clave de fa*. Neno la siri la simu yako ni *clave* pia. Ufunguo wa mlango wa nyumba una jina lake, *llave*.

Mdundo wenyewe usiusome, upige. Hesabu moja mpaka nane mara mbili kwa mwendo ulio sawa. Kwenye nane ya kwanza piga makofi kwenye moja, nne na saba. Kwenye nane ya pili piga kwenye tatu na tano. Makofi matatu, halafu mawili. Rudia mpaka mikono iache kuuliza. Hiyo ndiyo *clave de son*, tatu kwa mbili, na Wakuba wanapima kila kitu juu yake: piano, besi, hata pahali pa kuanzia mstari wa mwimbaji. Mtu anayeitoka huambiwa *estás cruzado*, umeikata njia. Si tusi. Rudi tu kwenye makofi.

Ni maneno gani yanafanana na ya Kiswahili lakini yanadanganya?

*Disco* ni santuri au albamu. Ukumbi wa kucheza ni *discoteca*. *Banda* ni kundi la wapigaji, na Meksiko ni muziki mzima wa matarumbeta. Halina uhusiano na banda la kuku. *Tema* tumelisema, na tafadhali usimcheke anayelitamka. *Tango* ni muziki wa Buenos Aires na Montevideo, halina mbegu. *Bajo* ni besi lakini pia ni "chini" na "mfupi". *Pista* ni uwanja wa kuchezea muziki, *pista de baile*, na ni sauti moja moja iliyorekodiwa studio. *Son* ni muziki, na ni "wao ni". Na ile *tumba* tuliyoanza nayo: sokoni Hispania, nje ya muziki, itaeleweka kama kaburi. Ukiwa na wasiwasi sema *tumbadora* au *conga*.

Nitafanya mazoezi na mgeni Jumamosi hii. Nipe sentensi za haraka.

*Otra vez*, tena. *Desde el principio*, kutoka mwanzo. *Desde el estribillo*, kutoka kwenye kiitikio. *Más lento*, taratibu zaidi. *Más rápido*, haraka zaidi. *Más suave*, kwa upole. *Más fuerte*, kwa nguvu. *Sube la voz*, pandisha sauti ya mwimbaji kwenye spika. *Baja el bajo*, punguza besi. *Espera*, subiri. *Entra tú*, ingia wewe. *La guitarra está desafinada*, nyuzi za gitaa haziko sawa. Kuziweka sawa ni *afinar*. *Vamos a grabar*, tunarekodi. Mazoezi yenyewe ni *el ensayo*. Kuhesabia kuingia ni *uno, dos, tres, cuatro*. Wachezaji salsa huruka nne na nane: *uno, dos, tres. Cinco, seis, siete*.

Jambo la adabu. Kihispania hakina shikamoo, lakini kina "wewe" mbili. *Tú* ni ya rika na marafiki. *Usted* ni ya mtu mzima au usiyemzoea, na kitenzi kinabadilika: *toca usted*, si *tocas*. Mpigaji mkongwe muite *maestro*. Hilo lina uzito ule ule wa "fundi" tunapolisema kwa mzee wa gitaa aliyeshika nyuzi miaka arobaini.

Nijifunze kwa reggaetón? Ndio muziki ninaousikiliza.

Usikilize, lakini usianze nao. Waimbaji wa Puerto Riko na visiwa jirani humeza s mwishoni mwa silabi, *para* inakuwa *pa'*, *cansado* inakuwa *cansao*, na lugha ya mtaani inabadilika kila mwaka kama yetu ya Manzese. Mwanzoni utadhani masikio yako yana kasoro.

Anza na bolero. Mwendo wake ni wa polepole, kila neno linatamkwa hadi mwisho, na maneno yale yale yanarudi: *corazón*, moyo, *noche*, usiku, *olvido*, kusahauliwa, *volver*, kurudi. UNESCO iliiingiza bolero ya Kuba na Meksiko kwenye orodha ya urithi mwaka 2023. Baada ya bolero kumi, nenda kwenye son, kisha salsa. Sikiliza Celia Cruz, ambaye matamshi yake ni ya wazi hata bendi ikiwa inawaka moto, na Rubén Blades wa Panama kwa visa virefu. Reggaetón itakuja yenyewe.

Maneno ya flamenco ni tofauti?

Kiasi. Flamenco ni ya Andalusia, kusini mwa Hispania, na ina nguzo tatu: *cante*, uimbaji, *toque*, upigaji gitaa, *baile*, uchezaji. Makofi ni *palmas*, na yana mafundi wake. *Compás* ni mzunguko wa mapigo, mara nyingi kumi na mawili. Lile sanduku linalokaliwa na kupigwa kwa viganja ni *cajón*. Lilitoka Peru, kwa watu wenye asili ya Afrika, na Paco de Lucía ndiye aliyelileta kwenye flamenco mwishoni mwa miaka ya 1970.

Nayasahau maneno haraka. Mnakariri vipi?

Wimbo mmoja kwa wiki. Si kumi. Siku ya kwanza usikilize bila kuandika chochote. Siku ya pili andika kwa mkono unachokisikia, hata kama ni vipande. Mashimo yaache wazi. Siku ya tatu tafuta *letra* halisi na ujaze mashimo kwa kalamu ya rangi nyingine. Hizo rangi nyingine ndizo masikio yako yalikosa, na ndiyo kazi yako ya siku zilizobaki. Mwanafunzi mmoja anayesafiri kwa mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni kila asubuhi hufanya hivyo akiwa amesimama, hedifoni masikioni, karatasi imekunjwa mara nne mfukoni. Karatasi hizo sasa zinajaza bahasha mbili.

Usiandike neno peke yake. Andika *una canción pegajosa*, si *pegajoso* pekee. Maana yake ni wimbo unaonata, na kwa vile sisi nasi tunasema wimbo umeninata kichwani, hutalisahau.

Nikimaliza kumsikiliza mpigaji, nimwambie nini?

*Qué bonito tocas* inatosha, au *toca usted* kama ni mzee. Kama kweli amekugusa, sema *me emocionó*, na usiogope kunyamaza baadaye. Kwenye flamenco unapaza *¡olé!* wakati wimbo ukiendelea, mkazo mwishoni. Na ukitaka bendi isishuke jukwaani, ukumbi mzima hupiga kelele *¡otra, otra!*, kwa -a, kwa sababu *canción* ni ya *la*.